Kifyonza Moshi cha Jikoni: Kukichagua, Kukifunga na Kukitunza kwa Usalama

Kupika ni kazi inayochafua hewa, na uchafu huo hautokani na kuni na mkaa peke yake. Mafuta yanapopata moto mkali, kitunguu kinapokaangwa hadi kikabadilika rangi, na nyama inapogusa chuma cha moto, huruka hewani chembechembe ndogo mno za mafuta na masizi pamoja na gesi zinazowasha macho na koo, hata kama jiko lenyewe ni la umeme na halina mwali wowote. Jiko la gesi nalo, ingawa mwali wake wa buluu hauachi masizi chini ya sufuria, hutoa naitrojeni dayoksaidi, yaani gesi inayozaliwa pale joto kali la mwali linapounganisha naitrojeni na oksijeni zilizomo hewani, na ambayo huchokoza njia za kupumulia na kuwazidishia taabu wenye pumu. Juu ya hayo huja unyevu, kwa kuwa kila kilo moja ya gesi ya mtungi inapoungua huzalisha zaidi ya kilo moja na nusu ya maji yanayoishia hewani yakiwa mvuke, kabla hata ya kuhesabu mvuke wa chakula kinachochemka sufuriani.

Katika nyumba nyingi za kale za pwani ya Afrika Mashariki, jambo hili lilitatuliwa na ramani ya nyumba yenyewe, kwa maana jiko lilikaa uani, mbali na vyumba vya kulala, na moshi ulipanda moja kwa moja angani au ulipenya katika nafasi iliyoachwa kati ya kuta na paa la makuti. Leo familia nyingi za Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Nairobi huishi katika ghorofa ambamo jiko limeingizwa ndani, mara nyingi likipakana na sebule bila ukuta wa kutenganisha, huku dirisha lake likifunguka kwenye korido nyembamba au likifungwa kutwa nzima kwa sababu ya kiyoyozi, mbu au vumbi la barabarani. Katika mazingira hayo kifyonza moshi cha jikoni, ambacho wauzaji na mafundi wengi hukiita hudi, kimeanza kuhesabiwa miongoni mwa vifaa vya lazima. Na katika mazingira hayohayo hufungwa ovyo, kikabaki pambo la jiko au kikageuka kuwa chanzo kipya cha hatari.

Uzito wa suala lenyewe hauna ubishi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa ya ndani ya nyumba, utokanao hasa na kupikia kuni, mkaa, kinyesi cha mifugo na mafuta ya taa, ulisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020, vikiwamo zaidi ya 237,000 vya watoto wenye umri chini ya miaka 5. Mwezi Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Juhudi za namna hii hushughulikia kwanza kinachochomwa jikoni, na ni haki zianzie hapo. Hata hivyo, nyumba iliyohamia kwenye gesi au umeme imemaliza nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuitoa nje hewa iliyochafuliwa na mapishi yenyewe na kuipa hewa mpya njia ya kuingia, na kifyonza moshi kina manufaa kamili pale tu mambo hayo mawili yanapokwenda pamoja.

Kinavyofanya kazi

Hewa iliyopashwa moto huwa nyepesi kuliko hewa inayoizunguka, kwa hiyo hupanda kutoka jikoni katika mkondo wa moshi na mvuke unaozidi kupanuka kadiri unavyokwenda juu. Kofia ya kifyonza moshi, yaani ule mdomo mpana unaoning'inia juu ya jiko, huukinga mkondo huo kabla haujatawanyika chumbani. Feni iliyomo ndani yake huivuta hewa ipite kwenye kichujio cha chuma, ambacho hunasa matone ya mafuta. Kisha hewa husukumwa ndani ya bomba hadi nje ya jengo. Katika njia hiyo huwekwa kilango chepesi kinachofunguka feni inapozunguka na kujifunga inapozimwa, ili hewa ya nje, wadudu na harufu za majirani visirudi ndani.

Kuna aina mbili kuu, na tofauti yake inapasa kueleweka kabla fedha haijatoka mfukoni. Aina ya kwanza ni hii inayotoa hewa nje kwa bomba. Aina ya pili haina bomba: huivuta hewa, huipitisha kwenye kichujio cha chuma na kingine cha mkaa maalumu, ambao ni mkaa uliotengenezwa ukawa na vinyweleo vingi mno vinavyonasa harufu, kisha huirudisha hewa ileile chumbani. Aina hii hupunguza harufu na mafuta, lakini haiondoi mvuke wala joto, na haiondoi kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu inayotokea kitu kinapoungua bila oksijeni ya kutosha. Kwa hiyo mahali popote ukuta wa nje unapofikika, bomba ndilo chaguo sahihi, na kifaa cha kuzungusha hewa kiachiwe nyumba ambazo kweli hazina njia ya kutoboa, tena kisaidiwe na dirisha lililo wazi.

Ukubwa unaofaa

Nguvu ya kifyonza moshi hupimwa kwa mita za ujazo za hewa zinazohamishwa kwa saa moja. Kanuni inayotumiwa sana ni kwamba hewa yote ya jiko ibadilishwe mara 10 hadi 12 kwa saa; hivyo chumba chenye urefu wa mita 3, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.7, ambacho ujazo wake ni mita za ujazo 24.3, kitahitaji kifaa cha kuhamisha mita za ujazo zipatazo 245 hadi 290 kwa saa. Jiko lililoungana na sebule linahitaji hesabu kubwa zaidi, kwa kuwa hewa yake haina mpaka. Inafaa pia kuongeza akiba kidogo, kwani namba iliyoandikwa kwenye boksi aghalabu hupimwa katika hali nzuri kuliko ile ya nyumbani, ambako kila mita ya bomba na kila kona yake hupunguza mwendo wa hewa.

Nguvu ya feni, hata hivyo, haiwezi kufidia kofia iliyo fupi. Kofia inapasa kuwa na upana usiopungua ule wa jiko, ili jiko la sentimita 60 lipate kofia ya sentimita 60 au zaidi, na kina chake kifike angalau juu ya mafiga ya mbele, ambayo ndiyo yanayotumiwa zaidi na ndiyo moshi wake unaokwepa kirahisi. Kifaa chembamba chenye feni kali hupiga kelele nyingi na kuuacha moshi wa mbele ukimpanda mpishi usoni, ilhali kipana chenye feni ya wastani huukusanya kwa utulivu. Kelele nazo zisidharauliwe, kwa sababu kifaa kinachozuia mazungumzo jikoni hatimaye huachwa kimezimwa.

Ufungaji

Kipimo cha kwanza ni umbali kati ya jiko na sehemu ya chini kabisa ya kofia. Kwa jiko la gesi, viwango vya kimataifa huweka sentimita 65 kuwa kima cha chini, na watengenezaji wengi huelekeza ifikie 75. Kwa jiko la umeme baadhi yao huruhusu umbali mdogo zaidi, na daima maelekezo ya kifaa husika ndiyo yafuatwe. Ikiwa mafiga yako sentimita 90 kutoka sakafuni, basi ukingo wa chini wa kofia utakuwa kati ya sentimita 155 na 165, kimo ambacho kitamgusa kichwa mpishi mrefu anayeinama, na kwa sababu hiyo fundi apime jiko na watu wake kabla ya kutoboa tundu la kwanza. Kofia iliyoshushwa mno huweka kichujio chenye mafuta karibu na mwali, na iliyopandishwa mno huuacha mkondo wa moshi upanuke na kupita pembeni.

Kipimo cha pili ni bomba. Vifaa vingi vya nyumbani huja na mdomo wa milimita 150 au 125, na kosa linalotokea mara kwa mara ni kuunganisha mdomo huo na bomba la milimita 100 kwa kuwa ndilo lililopatikana dukani. Nafasi ya ndani ya bomba la milimita 100 haifiki nusu ya ile ya bomba la milimita 150, hivyo hewa husongamana, feni huhangaika na kelele huongezeka, huku moshi ukibaki jikoni. Bomba la bati gumu lenye ukuta laini ndilo bora. Lile la karatasi ya alumini linalokunjika lina mikunjo inayonasa mafuta na kupunguza kasi ya hewa, na likilazimika kutumiwa livutwe hadi linyooke na lisikatwe refu kuliko inavyohitajika. Njia iwe fupi, kona ziwe chache, na sehemu inayolala ielekezwe nje kwa mteremko mdogo ili maji yatokanayo na mvuke unaopoa yatiririke nje badala ya kurudi kwenye mota.

Mahali bomba linapoishia hustahili fikra nyingi kuliko linavyopewa. Kumwaga hewa kati ya dari na paa ni kuhamishia mafuta na unyevu mahali ambapo mbao huoza na nyaya za umeme hupita, na moto ukianza humo hugundulika umechelewa. Kuunganisha bomba na dohani inayotumiwa na kifaa kingine cha kuchoma gesi au kuni hakuruhusiwi kabisa, kwani moshi wa kifaa kimoja unaweza kusukumwa hadi chumba kilicho na kingine. Kwenye majengo ya pwani inafaa kukumbuka pia upepo wa kusi na wa kaskazi: tundu linaloukabili upepo mkali wa msimu husukumiwa hewa ndani, hivyo likiwekewa kifuniko chenye mapezi yanayotazama chini, au likiwekwa upande uliokingwa, hufanya kazi vizuri zaidi. Chumvi ya bahari hula bati la kawaida haraka, kwa hiyo kifuniko cha chuma kisichoshika kutu hudumu. Wavu wa kuzuia ndege uwe na matundu mapana, kwa sababu wavu wa mbu huzibwa na mafuta baada ya muda mfupi.

Kifaa chenyewe kina uzito, na ukuta wa jipsamu au wa matofali yenye uwazi ndani haubebi skrubu yoyote tu. Fundi hutumia pimamaji ili kofia ikae sawa, huchagua vishikizo vinavyolingana na aina ya ukuta, na hukwepa kutoboa juu kabisa ya soketi au swichi, mahali ambapo nyaya hupita kwa kawaida ndani ya ukuta. Kuhusu umeme, kifyonza moshi cha nyumbani hakitumii nguvu nyingi, na hatari yake hutokana zaidi na maunganisho mabaya kuliko mzigo: waya wa kijani na njano, ambao ni wa ardhini, huachwa bila kuunganishwa, au plagi hubaki na fyuzi ya ampea 13 wakati maelekezo yanataka ya ampea 3, na kwa hiyo hitilafu inapotokea waya huungua kabla fyuzi haijakatika. Kwa kuwa kofia ni ya chuma na huguswa kwa mikono yenye maji, waya wa ardhini ni kinga ya uhai. Kazi hii inampasa fundi umeme mwenye leseni, ambayo hutolewa na mamlaka ya udhibiti wa nishati, yaani EWURA kwa Tanzania na EPRA kwa Kenya.

Hewa inayotoka lazima ifuatwe na nyingine

Hakuna feni inayoweza kutoa hewa chumbani bila hewa nyingine kuingia. Jiko lililofungwa madirisha na milango hufikia hali ambayo feni inazunguka lakini haihamishi kitu, kwa sababu shinikizo la ndani limeshuka chini ya lile la nje. Na hapo nyumba huanza kuivuta hewa kupitia tundu lolote lililo dhaifu, iwe ni dohani, mfereji wa maji machafu ulio mkavu au nafasi chini ya mlango wa jirani. Dirisha lililofunguliwa kidogo upande wa pili wa chumba, au tundu la hewa lililojengwa ukutani, humaliza tatizo hili, na hewa inayoingia huvuka jiko na kuusukuma moshi kuelekea kwenye kofia. Dirisha lililo kando tu ya jiko halifai sana, kwa kuwa upepo wake huupeperusha moshi kabla haujanaswa.

Hatari kubwa iko katika nyumba zenye kifaa kingine kinachochoma gesi na kutoa moshi wake kwa dohani ya kawaida, kwa mfano hita ya gesi ya kupasha maji ya kuogea. Kifyonza moshi chenye nguvu kinaweza kuivuta hewa ya dohani hiyo irudi chumbani, pamoja na kaboni monoksaidi iliyomo. Gesi hiyo hushikamana na hemoglobini, yaani sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni yenyewe, na dalili zake za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu, ambazo watu huzidhania kuwa uchovu au homa. Ndiyo maana maelekezo ya watengenezaji huweka kikomo kwamba, vifaa hivyo viwili vinapofanya kazi pamoja, shinikizo la chumba lisishuke kwa zaidi ya paskali 4, kiasi ambacho ni kidogo mno ukikumbuka kwamba shinikizo la kawaida la hewa hufikia paskali 100,000 hivi.

Kijiti cha udi kinatosha kuonyesha hali ilivyo. Madirisha yakiwa yamefungwa kama yanavyofungwa siku zote, hita ikiwa inawaka na kifyonza moshi kikiwa kwenye kasi ya juu, kijiti kinachofuka hushikwa karibu na uwazi wa dohani ya hita: moshi ukivutwa ndani ya dohani hali ni njema, lakini ukisukumwa kuelekea chumbani vifaa vyote viwili huzimwa, madirisha hufunguliwa, na fundi huitwa kabla ya kuvitumia tena pamoja. Jaribio hili ni ishara ya mwanzo na halichukui nafasi ya ukaguzi wa fundi wala ya king'ora cha kaboni monoksaidi, ambacho kila nyumba yenye hita ya aina hiyo inapaswa kuwa nacho.

Mambo ambayo kifyonza moshi hakiwezi

Wako wanaoamini kwamba kofia juu ya jiko inaruhusu kupikia mkaa ndani ya nyumba. Imani hii ni ya kuogopwa, kwa sababu mkaa uliokwisha kushika hautoi moshi mwingi unaoonekana, na mpishi hudhani hewa ni safi, ilhali makaa mekundu yanaendelea kumwaga kaboni monoksaidi hadi yazimike kabisa, muda mrefu baada ya chakula kuivishwa na feni kuzimwa. Cheche nazo hufika kwenye kichujio chenye mafuta. Jiko la mkaa ni la nje au la kibaraza kilicho wazi, na kifaa cha umeme hakiwezi kuligeuza kuwa la chumbani.

Kosa la pili linahusu gesi inayovuja. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, ambazo zote mbili ni nzito kuliko hewa. Hivyo ikivuja hushuka na kutanda sakafuni, mbali na kofia iliyo juu. Kuwasha kifyonza moshi ili kuondoa harufu ya gesi hakusaidii, na huweza kuua, kwa kuwa swichi na mota hutoa cheche ndogo zinazotosha kulipua gesi iliyokwisha kutanda. Harufu inaposikika, swichi zote huachwa kama zilivyo, ziwe zimewashwa au zimezimwa. Mtungi hufungwa kama unafikika salama. Milango na madirisha hufunguliwa. Na watu hutoka nje kabla ya kupiga simu. Mahali mtungi unapokaa ndani ya kabati, tundu la hewa linaloelekea nje huwekwa usawa wa sakafu, na lisielekezwe kwenye chumba cha chini au mfereji ambamo gesi itajikusanya.

Matumizi ya kila siku

Kifyonza moshi huwashwa dakika chache kabla ya kupika, ili mkondo wa hewa uwe umekwisha kujengeka moshi unapoanza, na huachwa kikizunguka kwa dakika 10 hadi 15 baada ya moto kuzimwa, kwa sababu chembechembe hubaki zikielea chumbani. Kasi ndogo inatosha kwa wali na mchuzi, na kasi kubwa hutunzwa kwa ajili ya kukaanga samaki, sambusa au viazi kwenye karai. Mapishi yenye moshi mwingi hufaa kuwekwa kwenye mafiga ya nyuma, ambayo kofia huyafunika vizuri zaidi, na kufunika sufuria hupunguza mvuke tangu chanzo chake. Mafiga ya gesi yasiachwe yakiwaka bila chombo juu yake, kwani mwali mtupu hupeleka joto lote kwenye kichujio.

Usafi

Mafuta yaliyonaswa na kichujio hayapotei. Hukusanyika, yakashika vumbi, yakawa utando wa kahawia unaonata, na mwishowe yakaanza kudondokea kwenye sufuria. Kwa nyumba inayopika kila siku, kichujio cha chuma huoshwa mara moja kwa mwezi hivi, na mapema zaidi pale panapokaangwa sana. Umeme huzimwa kwanza na kifaa huachwa kipoe. Kichujio hutolewa, hulowekwa kwenye maji ya moto yenye sabuni ya vyombo kwa robo saa hadi nusu saa, husuguliwa kwa brashi laini kwa kufuata mistari yake, husuuzwa na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa, kwa maana feni huweza kuyavuta matone ya kichujio chenye maji hadi kwenye mota. Kostiki soda, ile inayotumika kutengenezea sabuni, isiguse alumini kamwe, kwani huila metali hiyo na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Na sufi ya chuma huacha mikwaruzo ambamo mafuta hung'ang'ania zaidi.

Sehemu ya ndani ya kofia hufutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa, na maji yasinyunyizwe kuelekea mota au taa. Kichujio cha mkaa kwa kawaida hakioshwi, kwa sababu vinyweleo vyake vikijaa haviwezi kufunguliwa na sabuni. Hubadilishwa kila baada ya miezi 3 hadi 6 kulingana na mapishi. Angalau mara moja kwa mwaka bomba na kifuniko cha nje hukaguliwa, kwani kiota cha ndege au kilango kilichoganda kwa mafuta kinaweza kuziba njia yote. Karatasi moja nyepesi hutoa jibu la haraka: feni ikiwa kwenye kasi ya juu, karatasi hiyo ikiwekwa kwenye kichujio inapaswa kunata bila kushikwa. Ikianguka, njia ya hewa imeziba mahali fulani au hewa ya kuingia haitoshi, na mlio mpya wa kukwaruza huashiria feni iliyolemewa na mafuta au iliyolegea.

Moto unapozuka

Mafuta yanayofuka moshi mwingi yanaonya kwamba yamekaribia joto la kujiwasha yenyewe, na hatua ya wakati huo ni kuzima jiko. Yakishawaka, mambo matatu hufanywa kwa utulivu: moto wa jiko huzimwa ikiwa swichi au koki ya gesi inafikika bila kupitisha mkono juu ya mwali, kikaango hufunikwa kwa mfuniko wa chuma au blanketi la kuzimia moto na kuachwa vivyo hivyo hadi kipoe, na kifyonza moshi huzimwa, kwa kuwa feni huupa mwali hewa na kuuvuta kuelekea kwenye kichujio na bomba. Maji hayamwagwi kamwe juu ya mafuta yanayowaka, kwani huzama chini yake, hugeuka mvuke unaochukua nafasi takriban mara 1,700 ya maji yenyewe, na kuyarusha mafuta ya moto chumba kizima. Kikaango kinachowaka hakibebwi kupelekwa nje. Ikiwa moto umeingia ndani ya kofia, umeme hukatwa kwenye swichi kuu, watu hutoka na mlango kufungwa, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huitwa, ambalo Tanzania hupatikana kwa namba 114.

Jukumu la wajenzi na wenye nyumba

Sehemu kubwa ya makosa yaliyoelezwa hapa huzaliwa kabla mpangaji hajahamia. Jengo linapokamilika bila tundu la moshi kwenye ukuta wa jiko, bila soketi yenye waya wa ardhini kwenye kimo cha kofia, na bila tundu la kuingizia hewa, mpangaji hubaki na chaguo la kutoboa ukuta usio wake au kununua kifaa kinachorudisha moshi uleule chumbani. Kuacha tundu la milimita 150 kwenye ukuta wa nje wakati tofali bado zinapangwa ni kazi ya dakika chache, ilhali kulitoboa baadaye kwenye zege la ghorofa ya sita huhitaji mashine, ruhusa na gharama. Mchoraji wa ramani anayeonyesha njia ya moshi pamoja na njia ya maji, na mwenye nyumba anayeitaka njia hiyo kabla ya kulipa, huwaokolea wakazi miaka mingi ya macho mekundu na vifua vinavyobana.

Kwa nyumba ambayo haijafikia uwezo huo, feni ndogo ya ukutani iliyo juu karibu na jiko na inayotoa hewa nje, ikisaidiwa na dirisha la upande wa pili, hufanya sehemu nzuri ya kazi kwa gharama ndogo. Na hata pasipo feni, jiko lililosogezwa karibu na ukuta wa nje na madirisha mawili yaliyofunguliwa kwa kukabiliana huipa hewa njia ya kupita. Mwenye kununua kifaa, mwenye kukifunga na mwenye kupika chini yake wana maswali mawili ya kujiuliza: hewa hii chafu inatokea wapi, na hewa safi inaingilia wapi. Jibu la moja tu halitoshi, na mpaka yote mawili yajibiwe, nishati safi iliyonunuliwa kwa gharama itaendelea kupikiwa katika hewa isiyo safi.